Wimbo wa Mababu na Pakiti ya Majani ya Chai

Tukuyu, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio. Tulikuwa msibani, tumekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, kwaya ya kina mama ikaanza kuimba "Yesu kwetu ni rafiki" kwa Kinyakyusa. Waliuimba polepole kuliko ninavyousikia Mbeya mjini, kila mwisho wa mstari ukivutwa mpaka wenye sauti nzito wanakaribia kukata pumzi. Shangazi yangu akaniinamia. "Huu ni wimbo wetu kabisa, mwanangu. Wazungu waliukuta huku."

Sikumjibu. Msibani hakubishaniwi, na shangazi hasahihishwi mbele za watu. Lakini nilirudi mjini na lile neno, maana maneno ya wimbo ule yaliandikwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada. Mahadhi yalitungwa mwaka 1868 na Charles Converse wa Marekani. Mwaka 1875 Ira Sankey na mwenzake Philip Bliss wakautia katika kitabu chao cha nyimbo za injili, ambako ulienea kama moto wa kiangazi. Hata wao walikosea: walidhani maneno ni ya Mskoti mmoja, Horatius Bonar, wakamwandika yeye. Wamoravian, wamisionari kutoka Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891. Kwa hesabu ya karatasi, shangazi hana kesi.

Hesabu ya karatasi, hata hivyo, ina mitego yake. Kitabu cha Sankey chenyewe kilianza kama kitu gani? Mwaka 1873 Sankey alikuwa akizunguka Uingereza na mhubiri Dwight Moody; Moody anahubiri, yeye anaimba. Watu wakataka maneno ya kuondoka nayo. Kikachapwa kijitabu cha kurasa 24, kikauzwa kwa bei ya kutupa mlangoni pa mikutano. Kilikuwa wimbo na kilikuwa tangazo la mkutano, vyote kwa pamoja. Baada ya miaka thelathini kilikuwa kimenenepa na kufikisha nyimbo 1,200.

Kijitabu cha aina hiyo, kilichochapwa ili kuuza kitu kingine, ni mojawapo ya vyombo muhimu vya mtu anayefuatilia asili ya wimbo wa zamani. Ni chombo chenye ujanja pia.

Kama umewahi kununua bidhaa za jumla Mwanjelwa mwezi wa Desemba, unaijua kalenda ya duka. Unapewa bure, ina jina la duka na namba ya simu, na picha ya maporomoko ya maji au ya ng'ombe wa maziwa wa nchi za watu. Mwaka unaisha, tarehe hazina kazi tena, lakini kalenda inabaki ukutani miaka mitatu kwa sababu ya picha. Mwenye duka alilijua hilo tangu mwanzo. Kijitabu cha nyimbo cha matangazo kilifanya kazi hiyo hiyo katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20: wimbo ndio picha ya ng'ombe, na dawa, chai au sabuni ndiyo namba ya simu.

Wauza dawa ndio waliokuwa mabingwa. Chicago kulikuwa na kampuni ya Hamlin, iliyoanza mwaka 1861, ikiuza mafuta ya kuchua yaliyodaiwa kuponya karibu kila kinachouma. Iliwatuma waimbaji kwa magari ya farasi. Wakifika mji wanaimba barabarani, watu wakijaa dawa inauzwa, na vijitabu vya nyimbo vinagawiwa, beti upande mmoja, sifa za mafuta upande wa pili. Ukitaka kuiona picha hiyo huna haja ya kwenda mbali. Nenda mnadani siku yoyote usikilize spika ya muuza dawa za mitishamba: kwanza muziki, halafu minyoo. Uingereza, mji wa St Helens, Beecham wa vidonge vya tumbo naye alitoa mfululizo wa vitabu vya nyimbo vyenye noti za muziki kabisa. Mjukuu wake, Sir Thomas Beecham, alikuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa okestra nchini mwake. Vidonge vililipia muziki mara mbili.

Sasa, kwa nini mtafiti akitafute kijitabu cha muuza mafuta ya kuchua badala ya kwenda kwenye kitabu cha profesa?

Kwanza kwa sababu ya anwani na tarehe. Tangazo bila anwani ni hasara, kwa hiyo mfanyabiashara huandika mtaa, mji, mara nyingi na mwaka, au anataja bei na tuzo alizopata ambazo zinaweza kupimwa. Profesa wa zamani aliyeandika wimbo kutoka kinywani mwa mzee wa kijiji mara nyingi alisema tu kwamba ni wa kale, basi. Muuza mafuta hakujali ukale. Alichapa wimbo kwa sababu wiki ile watu walikuwa wanaupenda.

Pili ni ule mstari mdogo juu ya beti. Vijitabu vingi havikuwa na noti. Viliandika "kwa mahadhi ya" fulani, vikitaja wimbo mwingine ambao kila mtu alidhaniwa kuujua. Mstari huo ni uzi. Ukiuvuta unakupeleka kwenye wimbo ulio mkubwa kiumri kuliko ulionao mkononi, na huo nao huenda una mstari wake. Wanakwaya wanaielewa hali hii bila kufundishwa: maneno yenye mizani inayolingana huazimana mahadhi kama majirani wanavyoazimana chumvi.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mwaka uliochapwa kwenye kijitabu unakuambia kwamba wimbo haukuzaliwa baada ya hapo. Haukuambii umezaliwa lini. "Barbara Allen", wimbo wa mapenzi na kifo wa Waingereza na Waskoti, umo katika vijitabu visivyohesabika vya karne ya 19, lakini Samuel Pepys aliutaja katika shajara yake tarehe 2 Januari 1666. Anayeshika kijitabu cha mwaka 1880 na kutangaza kwamba amepata chanzo amepata kituo cha basi tu.

Mfano unaonifurahisha kuliko yote unatoka Australia, na unahusu chai, jambo ambalo mtu wa Rungwe lazima alisikilize.

Mwaka 1895, katika shamba kubwa la mifugo liitwalo Dagworth huko Queensland, mshairi Banjo Paterson alikuwa mgeni. Miezi michache kabla, wakata manyoya ya kondoo walikuwa wamegoma, na ugomvi ule uliacha moto na risasi katika eneo lile. Mle nyumbani kulikuwa na binti aitwaye Christina Macpherson, ambaye mwaka uliotangulia alisikia bendi ikipiga wimbo fulani kwenye mashindano ya farasi huko Warrnambool, kusini kabisa mwa nchi. Hakuwa na noti. Aliupiga alivyoukumbuka. Paterson akautia maneno: mzururaji anayetafuta vibarua, kopo lake la chai motoni kando ya bwawa, kondoo wa kuiba, polisi, mzururaji anajitosa majini. Ndio "Waltzing Matilda", ambao leo Waaustralia wengi wanauona kama wimbo wa taifa wa pili.

Kile alichokisikia Christina kwenye mashindano kilikuwa muziki wa gwaride wa bendi uliotokana na wimbo wa Kiskoti, "Thou Bonnie Wood of Craigielea". Maneno yake ni ya Robert Tannahill, na mahadhi ya James Barr, yaliyochapwa mwaka 1818. Tayari tuna Skotlandi, bendi, kumbukumbu ya binti mmoja na shairi la mgeni. Lakini wimbo ambao dunia inauimba sio huo hasa.

Mwaka 1903 kampuni ya Inglis ya Sydney ilikuwa ikiuza majani ya chai yaitwayo Billy Tea. Billy ni lile kopo la bati la kuchemshia chai porini, na wimbo wa Paterson una kopo linalochemka. Kwa mtu wa matangazo hiyo ni riziki iliyojileta. Haki za maneno zikanunuliwa, na Marie Cowan, mke wa meneja wa kampuni, akaukarabati: akabadilisha maneno hapa na pale, akamfanya mzururaji awe mchangamfu, akapanga mahadhi yaimbike vizuri na kiitikio kishike. Karatasi za wimbo zikachapwa na kugawiwa na chai. Watu wakaimba walichokipata kwenye chai.

Ukichimba wimbo huo bila kuijua pakiti ya chai utakwama. Utakuta wazee wa Queensland wana mahadhi tofauti na yale ya Sydney, utadhani ni ukongwe, kwamba wimbo umeishi vizazi vingi mpaka ukatawanyika matawi. Kumbe tofauti kubwa ilizuka ndani ya miaka minane tu na ilifanyika ili kuuza majani. Upande mwingine, ukiiamini pakiti peke yake, utasema wimbo ni wa Marie Cowan na mwaka ni 1903. Pakiti inasema kweli kuhusu njia wimbo uliyopitia. Kuhusu uzazi, inasema kinachoifaa.

Kituko kimoja nisikiache. Mwaka 1941 kampuni ya muziki ya New York, Carl Fischer, iliusajili wimbo huo kule Marekani kama mali yake. Ndiyo maana ulipoimbwa kwenye Olimpiki za Atlanta mwaka 1996, malipo yalikwenda Marekani kwa wimbo ambao kila Mwaustralia anaamini ni wa mababu zake.

Neno "wa mababu" lenyewe nalo liliwahi kuwa bidhaa, na hapo nawaleta wauza glovu.

Wimbo wa Krismasi tunaouita "Usiku Mtakatifu" uliimbwa kwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1818. Padre Joseph Mohr aliandika maneno, mwalimu Franz Xaver Gruber akatia mahadhi. Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, akaubeba kwenda bonde la Ziller huko Tirol. Bonde hilo lilikuwa na ukoo wa Strasser, waliotengeneza glovu na kwenda kuziuza kwenye maonyesho ya Leipzig. Wakati huo watu wa mijini nchini Ujerumani walikuwa wamepagawa na chochote cha milimani: mavazi, miluzi, nyimbo. Ndugu wa Strasser waliimba kuvuta wateja, wakagundua nyimbo zinaita watu kuliko glovu, na mwaka 1832 wakawa na tamasha lao Leipzig. Mchapaji wa Dresden aitwaye Friese akachapa kijitabu cha nyimbo zao nne, "Usiku Mtakatifu" ukiwemo. Akakipa jina lenye maana ya "nyimbo nne halisi za Tirol". Jina la Mohr hakuna, la Gruber hakuna.

Angalia neno "halisi" lilivyofanya kazi. Wimbo una miaka kumi na minne. Watungaji wote wawili wako hai. Lakini kijitabu kinahitaji milima na mababu, kwa sababu hicho ndicho kilichouzwa. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme huko Berlin walituma barua Salzburg kuuliza asili ya wimbo huo, wakidhani huenda ni wa Michael Haydn. Gruber, ambaye sasa ni mzee, akakaa chini tarehe 30 Desemba akaandika maelezo ya jinsi ulivyopatikana. Bila barua ile pengine tungekuwa tunaandika "wimbo wa asili, mtunzi hajulikani" mpaka leo. Mwaka 1995 ilipatikana nakala iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr mwenyewe, ikaonyesha kwamba maneno aliyaandika mwaka 1816, miaka miwili kabla ya ule mkesha. Hata maelezo ya Gruber, basi, hayakuwa na yote.

Tangu niijue habari hiyo, nikiona "wimbo wa asili" kwenye jalada la CD huwa nauliza kwanza: nani alinufaika kwa kuuita hivyo? Mzulu Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa majina, ukawatajirisha watu, na familia yake ilifikia suluhu ya malipo mwaka 2006, yeye akiwa amefariki tangu 1962.

Karne ya 20 ilipoingiza redio, mchezo ukawa mgumu zaidi. Chicago kituo cha WLS kilianzishwa mwaka 1924 na kampuni ya Sears ya maduka. Herufi zenyewe, kifupi cha World's Largest Store, zilikuwa majigambo kwamba ndilo duka kubwa kuliko yote duniani. Humo aliimba Bradley Kincaid, kijana wa Kentucky, nyimbo za milimani kwao. Wasikilizaji wakaomba maneno, na mwaka 1928 kikatoka kitabu chake, kikauzwa nakala zaidi ya 100,000. Sasa fikiria mkusanyaji wa nyimbo za jadi anayepanda milimani miaka kumi baadaye na daftari lake. Bibi kizee anamwimbia "Barbara Allen" kwa ufasaha. Mkusanyaji anafurahi: jadi safi. Hajui kwamba kwenye droo ya kabati kuna kitabu cha redio, na kwamba mjukuu ndiye aliyemsomea bibi beti alizokuwa amezisahau. Maji yametoka kisimani yakarudishwa kisimani, na sisi tunapima kina.

Kwa hiyo mtafiti makini hulinganisha makosa. Kijitabu kikiwa na kosa la chapa, jina la mji limeharibika au mstari umerukwa, na mwimbaji akaimba kosa lile lile, huyo ameonja karatasi, hata akiapa kwamba alifundishwa na mama yake. Wala hadanganyi, mama ndiye aliyesoma.

Turudi Nyanda za Juu Kusini. Huku hatukuwa na mafuta ya Hamlin wala chai ya Inglis yenye nyimbo ndani. Karatasi zilizotembea vijijini zilikuwa za misheni: vitabu vya nyimbo, vijikaratasi vya mikutano, na baadaye madaftari ya kwaya. Nazo zilikuwa na kitu cha kunadi, kwa hiyo zinasomeka kwa mbinu zile zile.

Anza na majina na tahajia. Kitabu kinachowaita Wanyakyusa kwa jina la Konde, kwa sauti zilizoandikwa Kijerumani, kina harufu ya enzi za Wajerumani. Kiswahili cha vitabu kilianza kusanifiwa rasmi mwaka 1930. Kitabu chenye tahajia ya kabla ya hapo kinajitaja umri bila kuulizwa. Kisha angalia muziki umeandikwaje. Sol-fa, ile d r m f s l t tunayoimbia mazoezini, ilitokana na kazi ya Sarah Glover wa Norwich, ikapanuliwa na John Curwen katikati ya karne ya 19. Ilipendwa na misheni za Waingereza na Waskoti kwa sababu moja ya kibahili: haihitaji mistari ya noti, mashine yoyote yenye herufi za kawaida inaichapa. Wajerumani walipenda noti za mistari na vinanda vyao. Sasa kumbuka kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa Wajerumani, wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, waliishika misheni ya Rungwe mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Wimbo wa Kinyakyusa wenye sol-fa na mizizi kwa Sankey unaweza kuwa umepita njia hiyo ya ziwani wala haukupita Ujerumani. Karatasi ndiyo itakayoamua.

Njia haikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Wamoravian walifungua Mbozi mwaka 1899, na mmisionari wao Traugott Bachmann alikuja kuwahimiza Wanyiha waweke mahadhi yao wenyewe katika nyimbo za kanisa. Ina maana kitabu cha kanisa kinaweza kuwa ndiyo ghala pekee lililobakiwa na mahadhi ya ngoma ambayo kijijini imekwisha kusahauliwa. Anayetupa vitabu vya misheni kwa kudhani vina Ulaya tu anatupa na mtoto wa watu ndani ya beseni. Baadaye sana, katika miaka ya 1960, Walutheri wa chuo cha Makumira walifanya jambo hilo kwa upana zaidi kwa kuchapa nyimbo za Kiswahili zenye mahadhi ya makabila ya nchi hii.

Nyimbo zisizo na karatasi kabisa, za kazini na safarini, zinabeba tarehe tumboni. Wimbo unaotaja hela ulipata neno hilo baada ya mwaka 1904, Wajerumani walipoleta sarafu ya heller, mia moja kwa rupia. Ukitaja shilingi ni wa miaka ya 1920 kuendelea. Ukitaja Silabu, wakala wa kuandikisha vibarua wa katani, ni baada ya 1944, enzi ambazo vijana wa Njombe na Rungwe walipakiwa kwenye malori kwenda kuwa manamba Tanga na Morogoro. Ukitaja dhahabu ya Lupa, fikiria Chunya ya miaka ya 1930. Ukitaja Keya, fikiria askari wa Mwingereza. Ni mtego mzuri, lakini nao una tundu: waimbaji hubadilisha maneno. Rupia ina silabi tatu na shilingi ina silabi tatu. Sarafu ilipobadilika, mwimbaji aliitoa moja akaingiza nyingine na hakuna mguu uliokosea hatua. Hela ina silabi mbili tu. Ukiipachika mahali pa rupia wimbo unachechemea. Kwa hiyo hela katika wimbo inaaminika zaidi kidogo kuliko shilingi.

Lugha yenyewe nayo hushuhudia. Kihehe ni lugha ya toni: neno likipandishwa mahali pasipo pake linaweza kugeuka neno jingine. Mahadhi yaliyozaliwa pamoja na maneno ya Kihehe huelekea kuheshimu toni hizo. Mahadhi yaliyoletwa na kitabu huzikanyaga. Ndiyo sababu mzee wa Kalenga, Uheheni, anaweza kusikiliza wimbo wa kanisa na kukuambia "hapa hatusemi hivi", asijue kueleza kwa nini. Kinyakyusa hakina toni za namna hiyo, kwa hiyo huko wimbo mgeni hujificha vizuri zaidi. Labda ndiyo maana shangazi alikosea kwa uhakika mkubwa vile.

Na kuna sauti zenyewe. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akarekodi Wahehe pia, na baadaye, mwaka 1954, akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Rekodi ya ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, ya wakati ule inapima kitu ambacho kijitabu hakipimi: mwendo, mavuto, mahali mwimbaji anapopumua. Lakini rekodi nayo ni kituo cha basi.

Wimbo tunaoujua kuliko wote una karatasi nzuri kuliko nyingi. Mahadhi ya "Mungu Ibariki Afrika" yalitungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg, mwaka 1897, na yakaimbwa hadharani mwaka 1899 kwenye kuwekwa wakfu kwa mchungaji mmoja. Mwandishi Sol Plaatje aliurekodi London mwaka 1923. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti, na mwaka 1927 wapiga chapa wa Lovedale wakatoa kijitabu. Angekuwepo mtu aliyepata kile kijitabu cha 1927 peke yake, angeweza kumpa Mqhayi wimbo mzima.

Arobaini ya ule msiba nilirudi Tukuyu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza shangazi habari za Scriven kwa upole. Akanikatiza, akaingia chumbani, akatoka na kijitabu kilichofungwa kwenye kanga. Jalada halipo. Kurasa za mwanzo hazipo. Kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kilikuwa cha mama yake. Ukurasa wa mwisho una orodha ya vitabu vingine vinavyouzwa na bei zake: 1/50, 2/-, -/75. Shilingi na senti, basi. Baada ya Wajerumani. Sol-fa, si noti.

Wimbo ule umo, kama ulivyo kwa Sankey, nukta kwa nukta. Lakini pembeni, kwa penseli iliyofifia, kuna mtu ameandika sol-fa nyingine kwenye mwisho wa kila mstari: nota mbili za ziada, moja ikishuka, na kistari kirefu cha kushikilia. Ndiyo yale mavuto ya msibani. Hayamo katika chapa ya Sankey wala katika kitabu chochote nilichowahi kukishika.

Nikajaribu kuyaimba kwa kufuata penseli. Shangazi akasikiliza, kikombe cha chai mkononi, akatikisa kichwa.

"Si hivyo," akasema. "Hapo shusha, halafu vuta."